Nzi wa sura au nzi wa mwendo? Ulinganisho wa nzi wa kuvulia na vifaa vya kuwafungia, kwa wavuvi wa Uganda

Mbuta aliye chini ya maporomoko ya Murchison hana nafasi ya kuhesabu miguu ya nzi wako. Maji yanakwenda kasi, povu na udongo vimechanganyika, na chakula kinapita mbele ya mdomo wake kwa sekunde moja au mbili. Ngege wa ghuba tulivu ya Ziwa Victoria ni mwingine kabisa: anasogea, anatazama, anavuta kitu mdomoni na kukitema kabla mkono wako haujahisi chochote. Uchaguzi wa nzi unaanzia hapo, na ukishajua unamfungia samaki yupi, uchaguzi wa vifaa nao unakuwa mwepesi.

Kwa anayeanza: nzi ni chambo bandia kinachofungwa juu ya ndoana kwa uzi, manyoya na nywele, kisha kikarushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe badala ya uzito wa chubwi. Jina lisikupoteze. Wengi wa nzi wanaofaa maji yetu wanaiga samaki wadogo, kamba wa maji baridi na mabuu ya kerengende. Wanaoiga wadudu wa kuruka ni wachache.

Sura dhidi ya mwendo

Nzi wa sura ana macho, miguu yenye magoti, mgongo wenye pingili na tumbo la rangi tofauti. Ukimweka mezani mtu atataka kumfukuza kwa gazeti. Mkono uliozoea humfunga kwa dakika 30 hadi saa nzima. Nzi wa mwendo, ukimtazama akiwa mkavu, ni kishungi tu cha nywele. Ndani ya maji anapumua, anatikisika, anapinda. Huyu huchukua dakika 5 hadi 15.

Udhaifu wa nzi wa sura hauonekani mezani. Gundi nyingi humfanya mgumu na mzito, naye akivutwa haraka anazunguka kama pangaboi na kuusokota uzi wote wa mbele (kipande cha nailoni kati ya mshipi na nzi). Miguu migumu inasukuma midomo ya samaki mbali na ncha ya ndoana. Tena kwenye mawe ya Nile nzi hupotea, na kupoteza kazi ya saa moja kila baada ya mirusho kumi ni maumivu yasiyo na sababu.

Nguvu yake iko kwenye maji meupe yaliyotulia, unapovuta polepole sana au usipovuta kabisa. Mabwawa ya kufugia samaki, ghuba zenye mafunjo, vidimbwi vya mito ya Elgon wakati wa kiangazi: huko nzi wa mwendo aliyesimama hugeuka fungu la manyoya, ila wa sura hata akisimama bado ni mdudu.

| Samaki | Maji | Nzi wa kuanza naye | Ndoana | Fimbo |
|---|---|---|---|---|
| Mbuta (sangara) | Nile, Ziwa Victoria, Ziwa Albert | wa mwendo, sm 12–20 | 3/0–6/0 | namba 10–12 |
| Ngassa (tigerfish) | Ziwa Albert, Nile chini ya Murchison | wa mwendo, mwembamba, sm 6–10 | 1–2/0 na waya | namba 7–9 |
| Kisinja (barbel) | mito ya mawe na kasi | buu zito, nusu sura nusu mwendo | 4–8 | namba 6–8 |
| Ngege (perege) | ghuba na mabwawa | wa sura, mdogo | 10–14 | namba 4–6 |
| Kambare | kingo zenye matope | wa mwendo, mnene, mweusi | 1/0–2/0 | namba 8–9 |
| Trauti | mito ya baridi ya Elgon | wote wawili | 12–16 | namba 3–5 |

Namba za ndoana huchanganya wengi: namba 14 ni ndogo kuliko namba 8, lakini ukivuka namba 1 unaingia 1/0, 2/0 na kuendelea, na hapo namba ikipanda ndoana nayo inakua. Namba ya fimbo hutokana na uzito wa mshipi, kama tutakavyoona mwishoni.

Mbuta wa Ziwa Victoria, aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950, anakula nkejje (samaki wadogo wa jamii ya perege), mukene (dagaa) na kamba wadogo. Umbo la nkejje ni refu kwenda juu, jembamba ukilitazama kwa mbele. Nzi mwenye umbo hilo, kijivu juu na cheupe au njano tumboni, hahitaji magamba yaliyochorwa. Anahitaji jicho moja kubwa kila upande. Kama kuna sehemu moja ya uhalisia ya kuihifadhi kwenye nzi wa mwendo, basi ni jicho.

Ngassa hayupo juu ya Murchison kwa sababu maporomoko yalimzuia, kwa hiyo ukivua Jinja usijisumbue na waya. Chini ya Murchison na Ziwa Albert, kipande cha waya wa chuma chenye urefu wa sm 15 hadi 20 ni lazima. Meno yake hukata nailoni kama wembe. Mbuta hana meno ya namna hiyo. Kinywa chake ni msasa, na mfuniko wa mashavu yake una miiba na makali, hivyo nailoni nene ya kilo 30 au zaidi inatosha.

Buu moja, njia mbili

Tuchukue buu la kerengende, kwa kuwa linaishi karibu kila penye majani ya maji na linaliwa na ngege, kambare, kisinja na trauti. Tulifunge kwanza kwa sura.

Utahitaji ndoana namba 8 yenye mti (sehemu iliyonyooka) mrefu. Waya wa risasi wa mm 0.5, vipande viwili vya sm 1. Nailoni ya mm 0.8 kwa ajili ya macho. Uzi wa sufi wa kahawia au kijani cha majani makavu, sm 15. Utepe wa rafia wenye upana wa mm 5 (ule wa kusukia vikapu unafaa, mradi usiwe na nyufa). Waya mwembamba wa shaba wa mm 0.2, ambao fundi wa mota za feni atakupa bure. Na unyoya wa ubawa wa kanga kwa miguu.

Loweka rafia kwanza, dakika kumi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo sababu ya migongo inayopasuka: rafia kavu ikipindishwa hufunguka kwa urefu, ufa huo haurudi.

Bana ndoana kwenye jiliwa (kifaa cha kuishikia unapofunga), kisha zungusha uzi kutoka nyuma ya tundu la ndoana hadi mwanzo wa mpindo, mizunguko iliyogusana. Laza vipande vya risasi ubavuni, kimoja kushoto na kimoja kulia, usivizungushe juu ya mti. Ukizungusha unapata mwili wa mviringo. Ukilaza unapata mwili bapa, na buu la kerengende ni bapa. Vifunge, tia tone la supagluu, subiri likauke. Bila tone hilo mwili wote utazunguka juu ya ndoana baada ya samaki wa pili.

Fungia waya wa shaba nyuma, kisha rafia iliyolowa, vyote vikining'inia. Zungusha sufi hadi theluthi mbili ya mti, ukinenepesha katikati mpaka upana wa mm 5 hivi. Vuta rafia juu ya mgongo, ifunge mbele, halafu leta waya wa shaba kwa mizunguko 6 au 7 ukienda kinyume na mwelekeo wa sufi. Ukienda upande uleule waya unazama kati ya nyuzi za sufi na pingili hazionekani.

Macho: kata nailoni mm 8, ishike katikati kwa kibano, karibisha kiberiti upande mmoja bila kuugusa moto. Nailoni inajikunja yenyewe kuwa shanga. Geuza, fanya upande wa pili, acha mm 3 katikati. Yafunge mm 3 nyuma ya tundu kwa uzi unaopita msalaba, mizunguko 8. Shanga za plastiki za mapambo hung'aa zaidi, lakini tundu lake hupasuka ukikaza. Nailoni iliyochomwa haipasuki.

Miguu ndiyo kazi yenyewe. Chukua nyuzi tatu za unyoya wa kanga kwa pamoja, zilowe kwa mate au maji, piga fundo la kawaida katikati, ukilisukuma kwa ncha ya sindano hadi likae penye goti. Ukitumia uzi mmoja tu wa unyoya goti hukatika kwenye mrusho wa kwanza. Ukitumia tano, buu linakuwa na miguu ya kuku. Funga jozi ya kwanza ikielekea mbele, mbili zilizobaki zikielekea nyuma, zote kati ya macho na tumbo. Mpira mwembamba hudumu mara nyingi zaidi ya unyoya na unatikisika, ila goti lake hufunguka usipotia tone dogo la gundi kwenye fundo.

Kata kipande cha rafia chenye mkato wa V, kilaze juu kama vifuko vya mabawa, funga mbele ya macho. Malizia kwa fundo la kuzungusha, mizunguko 5, mara mbili, kisha vanishi ya kucha. Kabla haijakauka, pitisha sindano kwenye tundu la ndoana. Tundu lililozibwa na gundi utalikumbuka ukiwa ndani ya mtumbwi jua likizama.

Njia ya pili ni ya mwendo. Ndoana ileile, risasi ileile ya ubavuni, mkia mfupi wa malaika ya kuku (yale manyoya laini kabisa ya karibu na ngozi), mwili wa sufi ileile iliyochambuliwa kwa kitana hadi ichakae, na mzunguko mmoja na nusu wa unyoya laini wa jike badala ya miguu. Macho ya nailoni. Kwa jumla ni dakika sita.

| | Wa sura | Wa mwendo |
|---|---|---|
| Muda | dakika 40 au zaidi | dakika 6 |
| Kinachoharibika kwanza | miguu, kisha rafia | mkia wa malaika |
| Maji | meupe, tulivu | yenye tope au mkondo |
| Kuvuta | sm 5 kisha kusimama sekunde 10 | kidogokidogo bila kusimama |

Kwa bwawa la maji meupe tungefunga wa sura wawili na wa mwendo sita, na tungeanza na wa mwendo. Wa sura anatoka kwenye boksi pale ngege anapofuata nzi, anamgusa, kisha anageuka.

Nywele za saluni au za mbuzi

Kwa nzi wa mbuta, rasta za plastiki zinazouzwa soko la Owino, Kampala, ni malighafi ambayo mvuvi wa Ulaya huinunua kwa bei ya juu katika vifuko vidogo. Hazinywi maji, kwa hiyo nzi wa sm 18 anabaki mwepesi wa kurusha. Ubaya wake ni kujisokota kwenye mpindo wa ndoana: nzi anaanza kuogelea kiubavu na hakuna anayemgusa. Tiba ni kufunga mafungu madogo, kila fungu unene wa njiti ya kiberiti, mafungu 8 hadi 10, ukianzia nyuma kwenda mbele, marefu nyuma na mafupi mbele, na tone la gundi kila baada ya mafungu mawili. Chini ya fungu la kwanza weka kitanzi cha nailoni ya mm 0.6 kinachotokeza sm 2 nyuma ya mpindo. Hicho ndicho kinachozuia nywele zisizunguke. Usikate ncha kwa mkasi ulionyooka, maana utapata brashi. Chana, kisha punguza kwa kuvuta nyuzi moja moja.

Nywele za mbuzi zina uhai zaidi majini kuliko rasta, ila hunywa maji na kuwa nzito. Za mkia wa ng'ombe ni ngumu, zinafaa tu mbele, pale panapotakiwa kichwa kipana kinachosukuma maji. Mchanganyiko mzuri ni rasta nyuma, mkia wa ng'ombe kichwani.

Unyoya wa shingo ya jogoo wa kienyeji ni laini na wenye utando mwingi. Kwa nzi wa kuzama hilo ni jambo jema. Kwa nzi wa kuelea wa trauti halifai, kwa sababu nyuzi zake hunywa maji na kulala. Hapo nunua manyoya ya majogoo wanaofugwa kwa kazi hiyo, yenye nyuzi ngumu na urefu uleule kutoka chini hadi juu. Hii ndiyo sehemu pekee ya manyoya ambayo tungetumia pesa ya maana.

Manyoya ya ndege na wanyama wa porini yaache. Korongo, mbega, chochote kilichookotwa hifadhini: sheria ya wanyamapori inavilinda, na kanga wa kufugwa, kuku na bata vinatosha kwa kazi yote iliyotajwa hapa.

Jiliwa: hapa ndipo pesa iende

Yapo majiliwa ya aina tatu mbele ya mnunuzi, na moja la nne ambalo haliuzwi kwa jina hilo.

La kwanza ni lile la bei ya chini kabisa, lenye skrubu ya kubana ukingo wa meza na mkono wa kukaza taya. Tatizo lake ni chuma cha taya. Ni laini. Ndoana ya 2/0 ikikazwa humo inaacha mfereji, na ukija kubana namba 12 inateleza ndani ya mfereji huohuo. Lijaribu hivi: bana ndoana namba 8, ikandamize kwa kidole kwenye tundu kuelekea chini. Ndoana nzuri katika jiliwa zuri inapinda kidogo na kurudi kama springi. Ikishuka na kubaki chini, taya imeachia. Rahisi huvunja upishi.

La pili ni la kubana kwa springi: unaminya mkono, taya zinafunguka, unaachia, zinashika. Regal ni jina linalojulikana zaidi katika aina hii. Hakuna kurekebisha taya kwa kila saizi, kwa hiyo anayefunga namba 12 asubuhi na 2/0 jioni hapotezi muda. Halina sehemu nyingi za kupotea, na hilo ni jambo la uzito mahali ambapo kipuri kinaagizwa kutoka ng'ambo.

La tatu ni la kuzunguka: ndoana inazungushwa juu ya mhimili wake, unaona upande wa pili bila kuinamisha shingo. Kwa nzi wa sura lina faida kubwa, kwani miguu ya kulia na ya kushoto lazima ilingane. Lakini lina skrubu, pete na bearing zinazohitaji tone la mafuta, na mengi ya saizi ya kawaida huishia ndoana ya 4/0. Soma kipimo cha taya kabla ya kulipa kama unakusudia mbuta.

La nne ni koleo la kujifunga, lile la mafundi wa magari, lililobanwa kwenye jiliwa kubwa la karakana. Kwa ndoana za 4/0 hadi 6/0 linashika kuliko majiliwa mengi ya nzi. Ukifunga mbuta tu, na bajeti ni finyu, anza nalo na usione haya.

Fundi wa chuma wa Katwe, Kampala, anaweza kukutengenezea kitako: bamba la chuma la sm 15 kwa 10, unene wa mm 10, lina uzito wa kilo 1.2 hivi na halitikisiki. Anaweza kuchomelea na mhimili. Taya usimwachie azichonge kutoka nondo ya ujenzi. Nondo ni chuma laini, utarudi palepale pa jiliwa la kwanza.

Uamuzi wetu: anayefunga saizi zote achukue la springi lenye kitako kizito. Anayependa nzi wa sura wadogo, la kuzunguka. La bei ya chini lisinunuliwe hata kwa kujifunzia, maana anayejifunza hawezi kujua kama kosa ni lake au ni la taya.

Mkasi, bobini na vibano

Mkasi wa nzi wenye matundu makubwa ya vidole ni mzuri, ila si wa lazima. Maduka ya vifaa vya hospitali karibu na hospitali ya Mulago, Kampala, yana mikasi midogo ya upasuaji wa macho, sm 11.5, chuma kisichoshika kutu, ncha nyembamba. Chagua ulionyooka, si uliopinda. Ujaribu kwa kukata karatasi laini ya chooni iliyoloweshwa, kwa ncha tu: ukiitafuna badala ya kuikata, rudisha. Waya wa shaba usikatwe kwa ncha kamwe. Tumia mkasi wa zamani, au sehemu ya ndani karibu na skrubu. Dukani humohumo chukua kibano cha kujifunga cha sm 12.5, kitakushikia unyoya mezani na kutoa ndoana mdomoni mwa samaki.

Bobini (kishikio cha kibiringo cha uzi) ya chuma dhidi ya bobini ya kauri. Mdomo wa chuma cha bei nafuu huwa na kijiwembe kisichoonekana, na uzi unakatika kila mara bila wewe kujua kwa nini. Pitisha pamba au kipande cha soksi ya nailoni ya kike kwenye mdomo. Kikinasa, ndipo penye kosa. Kauri haichimbwi na uzi hata baada ya miaka, lakini ikianguka kwenye sakafu ya saruji inavunjika. Kama meza yako iko kibarazani, ifunge kamba.

Kifaa cha fundo la kumalizia ni anasa. Vidole viwili vinafanya kazi hiyohiyo, na havipotei.

Uzi na gundi

Uzi hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wa mita 9,000. Kwa ndoana 10 hadi 16 chukua denia 70. Kwa 2 hadi 8, denia 140. Kwa mbuta, 210 au zaidi.

Nailoni hunyumbuka, hivyo inakaza vizuri, lakini ikilowa na kupigwa jua kwa muda hudhoofu. Poliesta hainyumbuki sana na inavumilia jua. Ile ya mashine za kutarizi iliyoandikwa 120D/2 inapatikana kirahisi Kampala. Imesokotwa kwa nyuzi mbili, kwa hiyo hailali bapa na inajenga vinundu. Inafaa kwa nzi wakubwa, kwa wadogo inanenepesha kichwa. Uzi wa polithini, ule unaong'aa mweupe, una nguvu kuliko yote kwa unene uleule, na ndiyo tunaoutumia kukaza rasta na nywele za mkia. Unateleza, kwa hiyo unaanza kwa tabaka la nailoni chini yake, na unakata nywele ukiukaza ghafla. Mkasi wa kawaida unaumenya tu. Tumia wembe.

Katika gundi, vanishi ya kucha inatosha kwa vichwa vidogo, mradi mipako iwe miwili. Supagluu inashika haraka lakini huvunjika kama kioo ikigongwa mwamba. Iwe ya ndani, si ya juu. Epoksi ya dakika tano ina ukakamavu mzuri kwa vichwa vya mbuta na hugeuka njano kwa jua. Gundi ya mwanga wa UV ni safi na ya haraka, ila kosa linalorudiwa ni kumimina tabaka nene: juu panakauka, chini panabaki ute. Weka tabaka la mm 1, mulika sekunde 20, rudia. Na ukifunga karibu na dirisha lenye jua, chupa yenyewe itaganda.

Ndoana

Zinazouzwa mwaloni kwa mishipi mirefu ni imara na za bei nzuri, ila waya wake ni mnene: nzi anazama upesi na ncha inahitaji nguvu nyingi kuingia kuliko fimbo ya nzi inavyoweza kutoa. Za chuma cha kaboni zilizopakwa nikeli nyeusi ni kali sana, na hushika kutu kwenye boksi lililofungwa likiwa na unyevu. Zisizoshika kutu hudumu boksini. Zikikatikia mdomoni mwa samaki hubaki humo muda mrefu.

Iburute ncha juu ya ukucha wa gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, ipige tupa viharusi vitatu kuelekea ncha. Chembe (kijino cha nyuma ya ncha) ibanwe kwa koleo kabla ya kufunga nzi, si baada. Chuma kigumu huvunjika wakati wa kubana, afadhali kivunjike kikiwa tupu. Ndoana isiyo na chembe hutoka haraka, na mbuta wa chini ya sm 50 au ngege wa chini ya sm 28 hana ruhusa ya kubaki nawe. Ndani ya Hifadhi ya Murchison kibali cha uvuvi wa burudani hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori; kichukue kabla hujashusha fimbo Paraa.

Fimbo, rili na mshipi, kwa ufupi

Kaboni nyepesi ya bei ya juu kabisa si lazima iwe ndiyo inayodumu. Kuta zake ni nyembamba, na nzi mwenye macho ya risasi akiigonga njiani huacha ufa usioonekana; fimbo inavunjika wiki mbili baadaye na mwenyewe anasema imevunjika bure. Kwa mbuta chukua kaboni ya daraja la kati, mita 2.7, vipande vinne ili iingie kwenye taksi. Fibaglasi ni nzito na ya polepole ila inavumilia kugongwa, na kwa ngege fimbo namba 5 ya fibaglasi ni raha tupu. Aina zote mbili zinavunjika ukiisimamisha fimbo wima samaki akiwa chini ya mtumbwi. Ishushe.

Rili iliyochongwa kutoka bonge la alumini ikianguka mwambani hupinda. Iliyomiminwa kwenye kalibu hupasuka. Kwa mbuta breki yake iwe imefungwa isiingie mchanga, na nafasi ya mita 200 za uzi wa akiba. Kwa ngege rili ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu; nunua ya chini.

Mshipi ndio unaosahaulika. Namba ya fimbo inatokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi: gramu 9 kwa namba 5, gramu 18 kwa namba 10. Mshipi uliotengenezwa kwa maji ya baridi ukiletwa kwenye jua la Albert hulainika, unanata kwenye pete za fimbo na hauendi popote. Kwa maziwa na Nile tafuta ulioandikwa kuwa wa joto. Kwa mto Sipi ni kinyume chake: mshipi wa joto kwenye maji ya baridi ya Elgon hutoka kwenye rili ukiwa umejikunja kama springi, na unabaki hivyo hata uuvute vipi.